Programu za kuendeshea hifadhidata: mlango unaosahauliwa wazi

Nyuma ya tovuti nyingi za shule, hospitali, maduka na vyama vya ushirika kuna hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu linalotunza majina ya watu, namba zao za simu, hesabu za fedha na nywila. Mafundi wengi hulihudumia ghala hilo kwa programu zinazofunguliwa katika kivinjari cha intaneti, kama vile phpMyAdmin, iliyoanza mwaka 1998, na Adminer. Zote mbili hutolewa bure na hurahisisha kazi. Hata hivyo, wadukuzi nao wamezitumia mara kwa mara kuingilia mahali wasipoalikwa.

Kwa nini zinalengwa?

Anayefanikiwa kuingia katika programu hizi hushika funguo za ghala zima: aweza kusoma, kubadili au kufuta chochote. Tena, zisipowekewa mipaka, hufikika kutoka popote duniani. Mdukuzi hana haja ya kukifahamu chuo au duka analolishambulia. Huziachia programu zake zipite tovuti moja baada ya nyingine zikijaribu anwani zilizozoeleka, hadi mojawapo iitike.

Kasoro huwaje?

Mwezi Desemba 2017, watengenezaji wa phpMyAdmin walitoa toleo la 4.7.7 ili kuondoa kasoro iliyokuwamo katika matoleo ya 4.7 yaliyotangulia. Ilitosha msimamizi aliyekwisha kuingia katika programu abofye kiungo alichotegewa, na amri ya kufuta kumbukumbu ikatekelezwa kwa jina lake, pasipo yeye kujua. Mdukuzi hakuhitaji nywila yoyote.

Kasoro ya Adminer ilikuwa ya hila zaidi. Programu hiyo humuuliza anayeifungua ni seva gani ya hifadhidata anayotaka kuunganishwa nayo. Mdukuzi, badala ya kutaja seva ya mwenye tovuti, hutaja seva yake mwenyewe. Mfumo wa MySQL una utaratibu unaoiwezesha seva kuomba faili kutoka kwa programu iliyounganishwa nayo. Basi seva ya mdukuzi huomba faili la mipangilio ya tovuti, ambamo nywila ya hifadhidata halisi imeandikwa, na Adminer hulikabidhi. Kisha mdukuzi hurejea na kuingia kwa ufunguo ulio sahihi.

Mtafiti wa Uholanzi, Willem de Groot, aliieleza mbinu hiyo hadharani mwezi Januari 2019, baada ya kubaini kuwa ilikuwa ikitumika kushambulia maduka ya mtandaoni. Toleo la 4.6.3, lisilo na kasoro hiyo, lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 2018. Waliodhurika, kwa hiyo, hawakukosa dawa. Walikuwa bado wanatumia toleo la zamani. Adminer ni faili moja tu: fundi hulipandisha kwenye seva, hurekebisha jambo dogo, huondoka, na faili hubaki pale kwa miaka.

Kinga ni ipi?

Kwanza, programu isiyotumika iondolewe kabisa katika seva. Kuibadilisha jina tu si kinga ya kutosha. Pili, ile inayotumika ifunguke kwa anwani za kompyuta zinazojulikana pekee, na isasishwe kila toleo jipya linapotoka. Tatu, kila tovuti ipewe akaunti yake ya hifadhidata yenye mamlaka machache, ili mmoja akivamiwa wengine wasiangamie naye.

Mkuu wa shule au mwenyekiti wa chama si lazima awe mtaalamu wa kompyuta ili alinde kumbukumbu za watu wake. Lakini fundi anapokabidhi kazi, anapaswa kuulizwa maswali mawili: ni programu gani umeiacha kwenye seva yetu, na nani ataisasisha baada yako?