Kengele Inayolia Bila Moto: Maumivu Sugu ya Mgongo



Katika vigango vyetu vya Kasulu na Kibondo, mtu aliyeinamia jembe miaka 30 akilalamikia mgongo hupigwa picha ya eksirei, na mara nyingi picha haionyeshi kitu. Akirudi nyumbani, watu hunong'ona: anajitia ugonjwa. Mwanafalsafa Descartes, tunayemsoma darasani, angewaunga mkono. Kwake maumivu ni kama kengele ya kanisa: moto ukigusa mguu, kamba inavutwa, kengele inalia kichwani. Pasipo moto, pasiwe na mlio.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza vingine. Ndani ya uti wa mgongo, walisema, kuna kitu kama lango linaloweza kubana au kuachia habari za maumivu zinazopanda kwenda kwenye ubongo. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua: mguso unabana lango. Tena mishipa ya fahamu iliyowahi kuumia inaweza kuendelea kupeleka habari hata jeraha likiisha kupona. Kengele inalia kweli, na anayeisikia hasemi uongo.

Mwaka 1967 daktari Mmarekani, Norman Shealy, alimpandikizia mgonjwa kifaa kinachofuata wazo hilo. Siku hizi nyaya nyembamba huwekwa karibu na uti wa mgongo, betri ndogo chini ya ngozi, na mgonjwa hupunguza au kuongeza umeme kwa rimoti. Kwanza hujaribiwa siku kadhaa betri ikiwa nje ya mwili. Asiyepata nafuu hapandikizwi. Hakiponyi. Hulengwa hasa maumivu ya mishipa yanayoshuka mguuni, yale yanayobaki baada ya upasuaji, na hata hapo madaktari wanabishana kuhusu faida yake. Bei ni maelfu ya dola. Mkulima wa maharage asiuze shamba.

Wapo wanaodhani kutafuta nafuu ni kuukimbia msalaba. Papa Pio XII alikwisha kuwajibu madaktari tarehe 24 Februari 1957: Mkristo anaruhusiwa kutulizwa maumivu.

Kwa wengi wetu, kutembea na mazoezi husaidia kuliko kulala kitandani. Lakini miguu ikilegea, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, ganzi ikiingia katikati ya mapaja, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukipata pia homa za jioni na kukonda, omba upimwe kifua kikuu. Hushambulia hata mifupa ya mgongo, na dawa zake serikali hutoa bure.