Asali na Mtoto Mchanga

Bila shaka umewahi kuonja asali. Katika kila gramu 100 za asali, karibu gramu 80 ni sukari. Kwa hiyo asali huupa mwili nguvu. Hata hivyo, yuko mtu mmoja nyumbani asiyepaswa kupewa asali hata tone moja. Huyo ni mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Je, kwa nini?

Katika udongo na vumbi wamo bakteria waitwao Clostridium botulinum. Bakteria hawa wanapokosa mahali pa kufaa, hujigeuza kuwa spora. Spora ni mfano wa mbegu: ina ganda gumu, nayo huweza kukaa muda mrefu bila kuota. Mara nyingine spora huingia katika asali. Humo haziwezi kuota, lakini hazifi. Hata asali ikichemshwa jikoni, spora hustahimili joto hilo.

Wewe ukila asali hiyo, spora hupita tumboni bila kukudhuru, kwa sababu utumbo wako umekwisha komaa. Utumbo wa mtoto mchanga haujakomaa. Humo spora huota, na bakteria huongezeka na kutoa sumu. Sumu hiyo huzuia neva zisipeleke habari kwenye misuli. Kwa hiyo misuli hulegea. Mara nyingi mtoto hufunga choo kwanza. Kisha hunyonya kwa shida, hulia kwa sauti hafifu, na shingo yake hulegea. Misuli ya kupumulia ikilegea, mtoto aweza kufa. Ugonjwa huu huitwa botulizimu. Kwa watoto wachanga ulitambuliwa mwaka 1976 huko Marekani. Hutokea kwa nadra, lakini ni wa hatari.

Mama anyonyeshaye aweza kula asali, kwani spora hazipiti katika maziwa yake. Mgonjwa wa kisukari afuate shauri la mganga, maana asali ni sukari.

Watu wengine humlambisha mtoto mchanga asali ili kumtuliza kikohozi. Mdogo wako akikohoa, usifanye hivyo. Waambie wazazi wampeleke zahanati. Ukiona dalili tulizozitaja, apelekwe hospitali mara moja.

Maswali
1. Kwa nini kuchemsha asali hakumkingi mtoto mchanga?
2. Taja dalili tatu za botulizimu kwa mtoto mchanga.
3. Jirani anataka kumlambisha mtoto wa miezi minne asali. Utamweleza nini?