Sauti Iuonyeshayo Moyo wa Mtoto

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, yapata mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo. Zipo kasoro ambazo huiachia damu isiyo na oksijeni ya kutosha kurudi mwilini bila kupita mapafuni. Hapo ndipo midomo, ulimi na kucha za mtoto hugeuka kuwa za buluu. Kwenye ngozi nyeusi dalili hiyo haionekani upesi usoni. Hivyo hapana budi kuutazama ulimi na upande wa ndani wa midomo. Aidha, mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu huweza kukosa rangi hiyo ingawa moyo wake una kasoro.

Rangi peke yake, hata hivyo, haitaji ugonjwa. Tutazame kasoro mbili. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1888 na tabibu Étienne-Louis Fallot wa Marseille, Ufaransa. Ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini vya moyo una tundu. Njia ya kwenda mapafuni imebana. Mshipa mkuu, yaani aota, umekaa juu ya tundu hilo. Na msuli wa chumba cha kulia umenenepa. Mtoto wa namna hii akicheza kidogo huchuchumaa. Asidhaniwe mvivu: kuchuchumaa huibana mishipa ya miguu, na damu nyingi zaidi ikasukumwa kuelekea mapafuni.

Katika kasoro ya pili, mishipa miwili mikubwa imebadilishana mahali. Damu ya mwilini hurudi mwilini, na ya mapafuni hurudi mapafuni. Mtoto huishi kwa sababu tu ya kiasi kidogo cha damu kinachochanganyika, na asipotibiwa huweza kufa katika siku au majuma machache. Wa kwanza huzibwa tundu na kupanuliwa njia. Wa pili hurudishiwa mishipa mahali pake. Kwa nje wote wawili ni wa buluu. Je, daktari atawatofautishaje?

Jibu lilianzia katika chuma. Katika mji wa Lund, Uswidi, tabibu Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walikitazama chombo kilichotumiwa katika kiwanda cha meli kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti. Mwezi Oktoba 1953 walifaulu kunakili mwendo wa moyo kwa njia hiyo.

Fuwele iliyopitishiwa umeme hutetemeka mara mamilioni kwa sekunde, ilhali sikio la mwanadamu haliwezi kusikia zaidi ya mara 20,000 hivi. Sauti hiyo husafiri mwilini kwa mwendo wa karibu meta 1,540 kwa sekunde, na kila ukuta unaokutana nayo hurudisha mwangwi. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, ukuta huo uko kina cha sentimeta 7.7. Mashine hukusanya mwangwi mwingi na kuchora moyo unaodunda.

Daktari huufuata kila mshipa tangu chumbani unakotoka. Ule unaogawanyika mapema kuelekea mapafu mawili ni mshipa wa mapafu. Ule unaotoa matawi ya kichwani na mikononi ni aota. Ikiwa aota inatoka chumba cha kulia na mshipa wa mapafu chumba cha kushoto, kasoro ya pili imejulikana. Mashine huonyesha pia mwendo wa damu: kwa kawaida nyekundu ni damu inayokijia kifaa, na buluu ni inayokiacha. Msomaji asizichanganye rangi hizo na rangi ya ulimi. Hizi hueleza mwelekeo, si oksijeni.

Kipimo hiki hakiumizi wala hakitumii mionzi, bali chahitaji mkono na jicho lililofundishwa. Nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, huwapima na kuwatibu watoto wenye kasoro hizi. Lakini mashine humwona yule tu aliyeletwa. Mzazi au mkunga auonaye ulimi wa buluu asingoje mtoto akue. Kwa mtoto mchanga, siku moja ni muda mrefu.