Kwa nini kicheza muziki humeza kumbukumbu yote ya kompyuta?

Katika maduka madogo ya Wandegeya na vichochoro vya katikati ya jiji la Kampala bado ipo biashara ambayo wengi walidhani ingekufa mara tu simu za kisasa zilipoenea. Mteja huleta flashi yake, huchagua nyimbo, hulipa, na mwenye duka humjazia. Wenyewe huyaita maduka hayo maktaba. Nyuma ya kaunta huwapo kompyuta ya mezani, mara nyingi iliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika Uganda, yenye makumi ya maelfu ya nyimbo na programu ya kucheza muziki inayopiga tangu asubuhi hadi usiku.

Uhai wa biashara hiyo una sababu zake. Intaneti nchini Uganda imekuwa na kodi juu ya kodi: mwezi Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa na mahali pake kuwekwa kodi ya asilimia 12 kwenye vifurushi vya data. Wimbo uliomo kwenye flashi hautozwi chochote kila unaposikilizwa. Iwapo mwenye wimbo naye analipwa, kama Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inavyotaka, hilo ni suala jingine, na zito.

Wenye maduka hayo, madijei wa harusi na wa sherehe za kwanjula, na mafundi wa mitambo katika redio ndogo wanalo tatizo moja linalowaunganisha. Kompyuta huanza siku vizuri. Kufikia alasiri hunyong'onyea, panya husita, kisha sauti hukatika-katika na hatimaye programu hujifunga yenyewe. Dukani, hasara ni mteja anayeondoka. Kwenye kwanjula, ambako wageni wa upande wa bwana harusi wameingia kwa maandamano na zawadi vichwani, ukimya wa ghafla humvunjia dijei jina, na jina ndilo linalompa kazi ya wiki ijayo.

Ushauri ambao wengi hupewa ni kununua kumbukumbu zaidi. Mara nyingi ushauri huo hugharimu fedha bila kutibu ugonjwa.

Muziki wenyewe ni mwepesi

Ili kuona kwamba kuna jambo lisilo la kawaida, inafaa kufanya hesabu kidogo. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti moja kwa kila dakika. Unapochezwa, kompyuta huufumua na kuurudisha katika sauti kamili: sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa spika mbili, kila sampuli ikichukua baiti mbili. Jumla ni baiti 176,400 kwa sekunde. Programu haihitaji kuufumua wimbo wote kwa mkupuo. Hutanguliza sekunde chache tu mbele ya sikio, kama mpishi wa chapati anayesukuma donge moja wakati jingine liko jikoni. Sekunde tano za akiba hiyo hazifiki hata megabaiti moja.

Orodha ya nyimbo nayo si mzigo mkubwa. Jina la wimbo, msanii, mwaka na mahali faili ilipo huchukua kilobaiti moja au mbili. Nyimbo 20,000 basi zinahitaji kati ya megabaiti 20 na 40. Winamp, iliyotoka mwaka 1997, ilicheza MP3 kwenye kompyuta ambazo kumbukumbu yake yote ilikuwa megabaiti 32 au 64.

Kwa hiyo kicheza muziki kinapoonyesha kimeshika gigabaiti moja na nusu, kilichoijaza nafasi hiyo si muziki.

Meza na ghala

Kumbukumbu inayozungumziwa hapa ni ile ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Haihusiani na nafasi ya diski ambako faili zimehifadhiwa. Diski ni ghala, na RAM ni meza ya kazi. Ghala laweza kuwa kubwa na meza ikawa ndogo. Meza ikijaa, mfumo wa kompyuta huanza kuhamishia baadhi ya vitu kwenye kona ya ghala iliyotengwa kwa ajili hiyo, kisha huvirudisha vinapohitajika. Kwenye diski za kizamani zinazozunguka, safari hiyo ni ya polepole mno ikilinganishwa na kasi ya meza. Hapo ndipo sauti inapokatika: sekunde zilizotangulizwa zimekwisha na zinazofuata bado ziko njiani, na diski ileile inayotakiwa kuleta wimbo ndiyo inayohangaika kubeba mizigo ya meza.

Kuna ukomo mwingine usioonekana. Programu iliyoundwa kwa mfumo wa biti 32 kwa kawaida haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti mbili, hata kompyuta iwe na 16. Ikifika hapo huanguka. Na Windows ya biti 32, ambayo bado imo katika kompyuta nyingi za zamani, kwa kawaida haitumii zaidi ya gigabaiti nne za RAM. Aliyenunua gigabaiti nane na kuzichomeka kwenye kompyuta ya namna hiyo amelipia nusu ambayo mashine haitaigusa.

Picha ndizo zinazokula

Mshukiwa wa kwanza, na kwa maktaba za Kampala huenda ndiye mkuu, ni picha ya jalada la albamu. Faili za muziki za siku hizi hubeba picha hiyo ndani yake. Ikiwa imebanwa kwenye diski, picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000 yaweza kuwa na ukubwa wa kilobaiti 200 tu. Lakini ili ionekane kwenye skrini ni lazima ifumuliwe, na kila pikseli huchukua baiti nne. Kilobaiti 200 hugeuka megabaiti nne. Programu inayoonyesha majalada 300 katika ukurasa mmoja wa kupendeza, bila kuyapunguza ukubwa kwanza, tayari imeshika gigabaiti 1.2 kabla hata wimbo haujaanza. Picha ya pikseli 3,000 kwa 3,000 peke yake ni megabaiti 36.

Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo jalada lilelile limebandikwa ndani ya kila wimbo wa albamu na programu haitambui kwamba ni lilelile. Nyimbo za kadongo kamu zilizohamishwa kutoka kwenye kanda za kaseti kwa kawaida hazina tatizo hili, kwa kuwa nyingi hazina picha, na pengine hata jina halipo zaidi ya namba ya wimbo. Ni zile mpya, zilizopambwa, zinazolemea.

Dawa yake haina gharama: kubadilisha mwonekano kutoka ukurasa wa majalada kwenda orodha ya maandishi. Iwapo matumizi ya kumbukumbu yatashuka baada ya programu kufungwa na kufunguliwa upya, mshukiwa amepatikana.

Madijei wana mzigo wa ziada. Programu kama VirtualDJ na Serato huchora mawimbi ya sauti na kupima mapigo ya kila wimbo, na hufungua zaidi ya wimbo mmoja kwa wakati. Mchanganyiko wa saa nzima usiokatika, ambao ni bidhaa ya kawaida sana mjini Kampala, ukifumuliwa wote huchukua zaidi ya megabaiti 600. Kwa anayetumia faili hizo, ni busara kuzipima na kuzichambua zote nyumbani siku moja kabla, wala si ukumbini.

Kwa hifadhi za sauti uzito huzidi. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi inayobeba jina la Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kati ya mwaka 1948 na 1957 na kurekodi muziki wa jamii nyingi za nchi hiyo. Rekodi za aina hiyo zinapohamishwa kwenye kompyuta kwa kiwango kinachotumika sana na wahifadhi, sampuli 96,000 kwa sekunde zenye biti 24, dakika moja ya sauti ya spika mbili huwa karibu megabaiti 35. Mpangilio unaoiagiza programu ivute faili nzima kwenye kumbukumbu kabla ya kuicheza, uliopo katika baadhi ya vicheza muziki kama foobar2000, hauna madhara kwa MP3 ya dakika nne. Kwa faili za hifadhi ni jambo la kuangaliwa.

Kujaa au kuvuja?

Kabla ya kubadilisha chochote, kuna kipimo kimoja ambacho fundi yeyote anaweza kukifanya kwa karatasi na kalamu, na ambacho hutenganisha magonjwa mawili yanayofanana kwa sura. Kwenye Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua Task Manager, na humo programu zaweza kupangwa kwa kiasi cha kumbukumbu. Kiasi cha kicheza muziki kiandikwe mara tu kinapofunguliwa, kisha baada ya nusu saa, kisha baada ya saa mbili, huku nyimbo zikiendelea kupigwa.

Ikiwa namba itapanda na kisha kutulia, programu imejiwekea akiba tu. Hilo si kosa, na tiba yake ni kupunguza picha, madoido na mapambo. Ikiwa namba itapanda kila wimbo unapobadilika na haishuki kamwe, basi kumbukumbu inavuja: programu huomba nafasi kwa kila wimbo na husahau kuirudisha inapomaliza. Ni kama mchuuzi wa soko la Owino anayefungua robota jipya kila mteja anapokuja bila kuondoa lililotangulia. Mwisho hana pa kusimama. Kumbukumbu inayovuja haitibiwi kwa kuongeza RAM. Kuongeza huahirisha tu saa ya kuanguka, kutoka saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku, wakati ambao ukumbi umejaa.

Uvujaji mara nyingi haumo katika programu yenyewe bali katika vipachikwa vyake: vile vinavyoleta maneno ya nyimbo, vinavyobadilisha sura, vinavyochezesha rangi kwa mdundo. Njia ya kumkamata mkosaji ni kuvizima vyote, kupima tena, kisha kuvirudisha kimoja kimoja. Inachosha, lakini hakuna mkato unaoaminika.

Umeme nao umo. Stima inapokatika ghafla wakati programu inaandika orodha yake, hifadhidata ya nyimbo yaweza kuharibika, na kila inapofunguliwa programu hujaribu kuijenga upya, hukwama mahali palepale na kuanza tena. Dalili yake ni kwamba prosesa nayo hushughulika sana ilhali hakuna anayegusa kitu. Tiba ni kutoa kwanza nakala ya orodha za nyimbo zilizopangwa, kufuta hifadhidata, na kuiacha programu isome folda upya usiku. Anayefuta kabla ya kutoa nakala atapoteza mpangilio wa miaka, ingawa nyimbo zenyewe zitabaki.

Isitoshe, programu nyingi katika maduka hayo zilipatikana kwa njia ya flashi na kuvunjwa kufuli. Flashi zinazopita mikononi mwa wateja mia kwa siku hubeba virusi, na programu iliyovunjwa kufuli yaweza kuja na kazi nyingine iliyofichwa ndani yake. Ikiwa kicheza muziki kinatumia intaneti na prosesa hata kikiwa kimenyamaza, kukifuta na kupakua kipya kutoka kwa mtengenezaji ni salama kuliko kukipima.

Wasikilizaji wa mtandaoni hawakuachwa. Spotify, iliyofika Uganda mwezi Februari 2021, hutumia katika programu yake ya mezani injini ileile ya kivinjari cha Chrome. Maana yake ni kwamba anayeifungua anafungua kivinjari kizima, na mamia ya megabaiti hapo ni jambo la kawaida, si ugonjwa.

Pale ambapo kompyuta ina gigabaiti mbili tu na hakuna fedha ya nyingine, kubadilisha programu hushinda kuitibu. VLC na foobar2000 ni za bure na hazina mapambo mengi. Kwenye Linux ipo Music Player Daemon, ambayo hucheza bila kuhitaji dirisha lolote mbele yake.

Na ikiwa vipimo vitaonyesha kwamba programu inavuja hata bila vipachikwa na hata baada ya kusasishwa, marekebisho yatatoka kwa waliyoiandika. Ripoti inayowasaidia ni ile yenye toleo la programu, aina ya mfumo, na zile namba tatu zilizoandikwa kwenye karatasi. Wakati wa kusubiri, kituo cha redio kinaweza kuifunga na kuifungua programu hiyo wakati wa taarifa ya habari, na dijei akafanya hivyo wakati wa hotuba, ambazo kwenye kwanjula hazijawahi kuwa fupi.