Shetani Mwenye Penseli

Septemba 1848, mjini Elbasan, Albania, dervishi mmoja alimkuta mgeni ameketi anachora, akapiga ukelele kwamba huyo ni shetani. Neno lenyewe lilikuwa "shaitan". Mswahili asingehitaji mkalimani. Aliyeitwa hivyo ni Edward Lear, mchoraji Mwingereza aliyehamia Roma mwaka 1837 kwa ajili ya mapafu na macho yake mabovu. Miaka miwili kabla ya ukelele huo alikuwa akimfundisha Malkia Victoria kuchora. Elbasan nani angejali? Kule mjini Ohrid alishapigwa mawe, akaona heri avae tarbushi.

Wala Albania hakuikusudia. Alitaka kwenda Mlima Athos, kipindupindu cha Thessaloniki kikamfungia njia, akageukia magharibi. Ndivyo alivyofika Kruja.

Kruja ni ngome iliyokaa juu ya mwamba: nyuma mlima, mbele tambarare inayoshuka kuelekea Bahari ya Adriatic. Hapo Skanderbeg, shujaa wa Waalbania, aliwagomea Waothmani. Sultani wao Murad II aliizingira mwaka 1450, akarudi mikono mitupu. Ilikuja kuanguka 1478, Skanderbeg akiwa kaburini miaka kumi.

Lear alikuwa na desturi yake ya kuchora. Alichora kwa penseli papo hapo, mbiombio, kisha akaandika chini jina la mahali, tarehe, hata saa. Muda wa kupaka rangi hakuwa nao, basi rangi aliziandika kwa maneno juu ya mchoro wenyewe, huku kijani, kule kijivu. Miamba aliweza kuiandika "rox" badala ya "rocks", kwa utani tu wa tahajia. Baadaye, akiwa ametulia, alipitisha wino juu ya mistari na kumwagia rangi za maji, na maneno yakabaki humo humo, katikati ya mlima. Mimi karatasi hizi nazipenda kuliko picha zake kubwa za mafuta, ambazo zimepambwa kama bwana harusi na zimekaza shingo vilevile.

Bey, yaani mtawala, wa Kruja, kijana mdogo, alimkaribisha kwake, akataka kujua habari za meli za moshi na treni. Lear akaona maelezo hayatoshi, akaanza kuiga milio: tik-tok ya treni, kisha maji yanavyochapwa na meli. Bey alifurahi mno, naye akaiga. Reli ya kwanza ya abiria Albania ilijengwa mwaka 1947.