Jino Lililozidi na Uvimbe wa Taya

Wazazi wengi huyahesabu meno ya mtoto yanapoanza kuota, lakini ni wachache waendeleao kuyahesabu yanapong'oka na kubadilishwa. Mtoto hupata meno 20 ya utotoni, na mtu mzima hutimiza 32. Walakini wapo watu, kiasi cha mmoja hadi watatu katika kila mia, walioumbwa na jino moja au zaidi juu ya hesabu hiyo. Mara nyingi jino hilo hukaa katika taya la juu, baina ya meno mawili ya mbele, nalo ni dogo lililochongoka. Wavulana huwa nalo zaidi kuliko wasichana.

Lau yote yangetokeza nje, shida ingekuwa ndogo. Lakini mengi hubaki yamezama mfupani, na mengine hugeuka yakaelekea puani. Kila jino ambalo halijaota huzungukwa na utando mwembamba. Likikwama, maji huweza kukusanyika baina ya utando ule na kichwa cha jino, ukawa kifuko. Si kila jino lililokwama hufanya hivyo. Ila kifuko kikianza, hutanuka polepole, hula mfupa na kusukuma meno ya jirani. Na kwa kuwa hakiumi, mwenyewe hana habari, mpaka kiingiwe na vijidudu na uso uvimbe, ndipo watu husema ni jipu.

Basi tutazame nini? Meno ya mbele ya juu ya ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 7 au 8. Likiota moja, na miezi 6 ikapita mwenziwe halijaonekana, apelekwe kwa daktari wa meno. Wazee wetu walimwogopa kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Sisi twaona afadhali wangaliogopa jino lisiloota.

Daktari hupiga picha ya eksirei. Kifuko huonekana kama kivuli cheusi cha mviringo, chenye ukingo mweupe, kilichokizunguka kichwa cha jino. Huhitajiwa picha zaidi ya moja, ijulikane kama jino liko upande wa mdomo au wa kaakaa. Hata hivyo picha haitoshi, kwani uvimbe mwingine ulio mkali zaidi, kama ule uitwao ameloblastoma, waweza kufanana nacho. Kwa hiyo kinachotolewa hupelekwa maabara kupimwa, na mzazi asione haya kuyaulizia majibu.

Kifuko kidogo hutolewa chote pamoja na jino lake, kwa ganzi au nusu kaputi, na mfupa hujijaza wenyewe kwa muda wa miezi. Kikubwa, hasa kwa mtoto, huweza kutobolewa dirisha, maji yatoke na kifuko kinywee kidogo kidogo. Njia hii ilielezwa na Carl Partsch wa Breslau mwaka 1892. Yataka subira, maana tundu lazima lisafishwe kila siku na mgonjwa arudi mara kwa mara, lakini huyaokoa meno mazuri yaliyosongwa. Kizuizi kikiisha kuondolewa mapema, jino la haki mara nyingi hushuka lenyewe. Likikataa, daktari hulifungia waya na kulivuta taratibu mpaka mahali pake.