Kwa Nini Wapenzi wa Gemu za Vita Hulalamika

Mtu akipita jioni mjini Tunduma, karibu na foleni ya malori yangojayo kuvuka kwenda Nakonde, ataona vijana wameinamia simu zao, vidole vikienda mbio. Wengine ni utingo wanaopoteza muda, wengine ni wanafunzi kama sisi. Mara atasikia sauti ya hasira: "Imekwama tena!" Mzazi asiyejua mambo haya hucheka, akidhani kijana amekasirikia jambo la bure. Lakini nyuma ya hasira hiyo mna habari ya biashara, ahadi na haki, nayo yafaa tuieleze.

Gemu tunazozitaja ni zile za kupigana kwa bunduki, ambazo watu wengi huzicheza pamoja, kila mmoja akiwa kwake. Gemu ya namna hii haifanani na bao. Ukinunua bao ni lako. Hata aliyelichonga akifa, wewe na jirani yako mtaendelea kucheza. Lakini gemu ya watu wengi huhitaji seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni ambayo hupokea habari za kila mchezaji na kuwagawia wenzake. Seva ikizimwa, gemu imekufa, ijapokuwa imo katika simu yako.

Kwa sababu hiyo kazi ya kampuni haiishi siku ya uzinduzi. Mkulima wa Mbozi ajua kwamba kupanda mche wa kahawa si kuvuna kahawa. Ni lazima apalilie, apogoe matawi na kupambana na magonjwa, naye hungoja miaka kama mitatu kabla ya kuona matunda ya kwanza. Kampuni nayo yapaswa kurekebisha makosa, kuwafukuza wadanganyifu, kuleta viwanja vipya na kutunza seva. Matunzo hayo yakikosekana ndipo malalamiko huanza. Tazama namna tatu.

Kwanza, gemu kutolewa kabla haijaiva. Mwezi Novemba 2021 ilitoka Battlefield 2042, iliyotengenezwa na DICE ya Sweden. Iliahidi vita vya watu 128 kwa pamoja, lakini ilitoka bila hata ubao wa kawaida wa matokeo, na bila njia ya wachezaji kusemezana kwa sauti ndani ya gemu. Mambo hayo yaliletwa baadaye, wakati wachezaji wengi walikwisha kuondoka.

Pili, matunzo kukatwa. Apex Legends Mobile ilianza Mei 17, 2022, na mwaka huo huo Apple wakaitaja kuwa gemu bora ya mwaka ya iPhone. Tarehe 1 Mei, 2023, ikafungwa. Kampuni ilieleza kwamba mambo mapya hayakuwa yakitoka kwa ubora, wingi na kasi iliyotakiwa. Concord ya Sony iliishi muda mfupi zaidi: ilitoka Agosti 23, 2024, ikazimwa Septemba 6. Hata hivyo wanunuzi wake walirudishiwa fedha zao, na hilo ni jambo la kusifiwa.

Tatu, masharti kubadilishwa mtu akiwa amekwisha kulipa. Habari hii yatuhusu sana. Helldivers 2, iliyotengenezwa na Arrowhead ya Sweden na kutolewa na Sony mwezi Februari 2024, iliuzwa nakala zaidi ya milioni 12 katika wiki 12. Mwanzoni wachezaji wa kompyuta waliruhusiwa kucheza bila akaunti ya mtandao wa PlayStation. Mwanzoni mwa Mei 2024 Sony ikatangaza kuwa akaunti hiyo sasa ni lazima. Lakini mtandao huo haukuwa ukitoa huduma katika nchi nyingi, Tanzania na Zambia zikiwamo! Mtu aliyekwisha kununua angewezaje kutii sharti asiloweza kulitimiza? Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177.

Wachezaji hawakunyamaza. Katika duka la Steam waliandika maoni mabaya zaidi ya 200,000 kwa siku chache. Waliokuwa na akaunti waliwatetea wasioweza kuipata. Tarehe 6 Mei Sony ikaliondoa sharti lile, na mkuu wa Arrowhead, Johan Pilestedt, akakiri hadharani kwamba naye ana sehemu yake ya lawama. Wateja walipoungana, kampuni kubwa ilisikia.

Sasa turudi kwa kijana wetu aliyesema, "Imekwama." Habari husafiri ndani ya nyaya za kioo kwa mwendo wa kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Ikiwa seva iko Ulaya, na njia ya nyaya ni kilomita 10,000, basi kwenda na kurudi ni kilomita 20,000. Gawanya, utapata sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla hatujahesabu ucheleweshaji wa mitambo njiani. Ni muda mdogo, lakini hutosha adui aliye karibu na seva kukupiga kabla hujamwona. Kwa hiyo kuomba seva ya karibu si kudeka.

Yafaa tuwe waadilifu pia. Seva hulipiwa kila mwezi, na mafundi hutaka mshahara. Gemu isiyo na wachezaji haiwezi kutunzwa milele. Tena kumtukana fundi si malalamiko. Pengine naye aliomba muda zaidi akanyimwa. Lawama iende kwa aliyeahidi, maana ahadi ni deni.

Mwenzetu mmoja aliweka akiba kutokana na vibarua vya likizo, akatumia shilingi 15,000 kumnunulia askari wake mavazi ndani ya gemu. Baada ya miezi michache gemu ikafungwa, na mavazi yakapotea. Aliporudi kusoma masharti, alikuta kwamba hakununua mavazi; alinunua ruhusa ya kuyatumia kwa muda ambao kampuni ingependa. Alisema kuwa kilichomuuma si shilingi zile tu, bali kwamba maneno yale yalikuwapo siku zote naye aliyapita mbio.

Wengi duniani wameanza kulitazama jambo hili. Katika jimbo la California, Marekani, tangu Januari 1, 2025, sheria yamtaka muuzaji amweleze mnunuzi waziwazi ikiwa anachopata ni ruhusa tu. Huko Ulaya, gemu ya mbio za magari iitwayo The Crew ilipozimwa mwaka 2024, watu walianza kukusanya sahihi kutaka gemu zilizouzwa zisiuawe. Kufikia Julai 2025 sahihi zilikuwa zimepita milioni moja.

Nasi tufanye nini? Kabla ya kulipa, tuulize: Je, gemu hii yaweza kuchezwa bila seva? Kampuni hii iliitunzaje gemu yake iliyopita? Je, nchi yetu imo katika orodha ya huduma zake? Tungoje wiki chache, tusome maoni ya walionunua kwanza. Nanyi wazazi, mtoto akilalamika kwamba gemu yake imefungwa, msimcheke upesi. Mwulizeni alilipa kiasi gani, na aliahidiwa nini. Kwa kampuni tunasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mchezaji aliyeondoka kwa hasira hurudi kwa shida, naye huwasimulia wenzake wote waliomo katika foleni.